Mkwe Kutoka Mtaroni

Sogeeni, wanangu, mkae upande huu wa dirisha, kwa sababu shingo imegoma kugeuka na sitaki kuzungumza na ukuta. Pasi, kaa kwenye kiti, usisimame kama unamsubiri mteja. Mwalimu, liache hilo birika, litachemka lenyewe. Na wewe Kitinda, acha kuchungulia nje. Najua nani amesimama uani, na tutafika kwake. Mwenye swali alimeze kwanza. Pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema, si ya kubishana, na nikikatizwa sina hakika kama nitajua nilipoishia.

Mimi ni dada wa baba yenu. Sikuzaa, lakini baba yenu alipofariki, na mama yenu akiwa ametangulia, niliwaita wanangu na hakuna aliyenisahihisha. Mnanijua sipendi maneno mengi. Habari za ukoo huu nimezibeba kichwani, kila neno pamoja na aliyelisema na waliokuwepo alipolisema, na mtu akikosea namrekebisha hata mbele ya wageni. Leo nawaita niwakabidhi habari hizo zikiwa zimekunjwa vizuri, na badala yake nakuta kichwani kwangu kumechanganyika kama kapu la nguo lililomwagwa sakafuni. Mnivumilie.

Nianze na mali, kwa kuwa mali haina ubishi. Chumba cha mbele, chenye dirisha la wateja na meza ndefu ya kunyooshea, ni cha Pasi. Pasi za mkaa zile nzito ni zako pia, hata kama hutumii tena, usiziuze kwa wanaopamba mahoteli. Chumba hiki ninacholala ni cha Mwalimu, pamoja na kabati na kila kilichomo. Ukitaka kurudi kuishi humu uishi, usipotaka ukipangishe, usimwombe ruhusa kaka yako. Chumba cha nyuma, chenye mabeseni, kamba za kuanikia na ua wake mpaka kwenye chemba ya maji machafu, ni cha Kitinda. Hapo ndipo penye shida, kwa sababu Pasi anasema Kitinda akimwoa yule msichana, hatampitisha mlango wa kati, na mtu hawezi kuwa mwenye chumba cha nyuma kama kila siku anapita uchochoroni. Nalijua hilo. Nilikisikia hicho kikao chenu mlipodhani nimelala.

Sasa, kwa ajili ya watakaosimuliwa na nyinyi, niliseme hata kama mnalijua. Katika nyumba hii mtu haoi wala haolewi mpaka shangazi aseme neno. Si baba, si mama, ni shangazi. Neno lenyewe ni fupi, ndiyo au hapana, na likishatoka halijadiliwi. Shangazi akifa hajalisema, neno linahamia kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Pasi ameshasema lake, tena kwa sauti, hadi muuza mkaa wa kona akaja kuuliza kuna msiba gani. Ndiyo maana Kitinda hajala tangu jana, na ndiyo maana Pasi kila akipita ananiuliza, "Shangazi, umechoka? Pumzika, usijisumbue na maneno." Nimechoka, ndiyo. Lakini bado nipo.

Sisi ni madobi. Tangu babu yenu alipofungua dirisha lile, mbele ni pa wanaume na nyuma ni pa wanawake. Mbele mtu anavaa shati safi, anaitwa fundi, anapokea nguo na salamu. Nyuma mtu anafunga khanga kiunoni, anaitwa msaidizi, hata kama anafua tangu alfajiri na huyo fundi hawezi kunyoosha kisichofuliwa. Hakuna aliyeona ajabu. Wateja nao hawakuona ajabu. Nilipojaribu kusimama dirishani siku baba yenu alipokuwa na homa, mzee mmoja alisimama na koti lake mkononi akanitazama, akasema, "Nitarudi mkifungua." Dirisha lilikuwa wazi, mwanangu. Nilikuwa nimeegemea mbao zake.

Pasi, wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa huendi mbele. Ulikuwa unakaa nyuma na mimi, unachezea povu, unalivaa kidevuni kama ndevu. Ile pasi ulikuwa unaiogopa, ilikuchoma hapo kwenye kiganja, na baba yenu akaja akakushika mkono akakutoa: mwanamume hasimami kwenye povu. Ulilia njia nzima, njia yenyewe mlango mmoja. Leo wewe ndiye fundi, na hakuna mtu mjini anayenyoosha kola kama wewe. Sasa niambie, au usiniambie, mimi nikikutazama nashindwa kujua: ile ilikuwa kukunyang'anya au kukupa?

Na wewe, Mwalimu, binti yangu. Ulinyoosha suti ya hakimu ukiwa bado una sare ya shule, baba yenu akaishika, akaigeuza, akasema, "Huyu ana mkono wa kiume." Sote tulicheka kwa furaha, na wewe ulicheka. Usiku huo ulikataa chakula. Kesho yake hukugusa tena pasi, ukasoma, ukaondoka. Nimelitazama jambo hilo kutoka kila upande na mpaka leo sijui kama alikusifu au alikufukuza. Labda yeye mwenyewe hakujua.

Kitinda yeye alibaki nyuma kwa sababu hapakuwa na mikono mingine. Wasichana waliokuwa wakifua wameolewa, mimi magoti yameanza kukataa, yeye akakunja suruali akaingia. Ikafika mahali watu wakamwita Dada Povu, naye akawaitikia. "Abee," anawaambia, "leteni mashuka." Niliogopa. Nilifikiri atavunjika moyo, au atageuka sijui kitu gani. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mwanamume akifanya kazi ya kike kuna kitu ndani yake kinalegea. Nikamchunguza mwaka baada ya mwaka nikisubiri hicho kitu kilegee. Nilichokiona ni mashuka meupe.

Halafu akampata huyu. Mabuti.

Niseme wazi ni nani, maana siku moja wajukuu watauliza. Ni binti wa wazibuaji, wale wa ng'ambo ya soko, wanaoshuka kwenye machemba na kuzibua mitaro. Babu yake alizibua ya kwetu, baba yake akazibua ya kwetu, na yeye, kwa kuwa baba yake hakupata mtoto wa kiume, anavaa mabuti ya mpira yanayofika magotini, anabeba fito begani, anazibua ya kwetu. Wakija, wanapita uchochoroni, hawapiti mbele. Maji wanapewa kwenye kopo la bati linalotundikwa nje, peke yake, lisichanganyike na vikombe. Sikulitundika mimi. Nililikuta. Ila nimelitundika tena kila mara lilipoanguka.

Mliposikia Kitinda anamtaka huyo, Pasi alisema, nami nilikuwa hapahapa kitandani, "Yeye anashuka kwenye chemba, wewe uko kwenye povu. Sasa hapo mume nani?"

Kitinda akasema, "Mume mimi. Kwani kuna mwingine ameomba?"

"Na nani atapika?"

"Atakayewahi kurudi."

"Watu watasema umeolewa."

"Watu walishasema mimi ni dada. Angalau sasa wanipe mume."

Mwalimu akacheka, Pasi akamgeukia, "Unacheka? Huu ni ukoo, siyo darasa!" Mimi nikavuta shuka mdomoni kwa sababu nami nilikuwa nacheka, na palepale, kicheko hakijaisha, nikasikia kitu kinakataa. Kinakataa kabisa. Mkwe kutoka mtaroni? Kwenye nyumba hii? Hivyo vitu viwili vilikaa ndani yangu kwa wakati mmoja, kicheko na kukataa, na hakuna kilichompisha mwenzake.

Nikaona, haya, mimi si mtu wa kukisia, nitafute chanzo. Kwa nini sisi hatuoani na wazibuaji? Nimelijua katazo hili tangu nijue kutembea. Lazima nina mahali nilipoliweka pamoja na aliyelisema. Nikaanza kupekua kichwani.

Bibi yangu alisema ni harufu. Alisema mbele yangu na mbele ya mama, tukiwa tunaanua nguo. Lakini sekondari niliketi dawati moja na binti wa wazibuaji, shangazi yake huyuhuyu Mabuti, tukagawana daftari na rula, na alikuwa ananukia sabuni. Sabuni ya mche, ileile tuliyofulia sisi. Niliporudi nikamwambia bibi, akanijibu, "Hiyo ndiyo hila yao." Sasa mtu akinuka ana kosa, na asiponuka ana hila. Hapo anatokea wapi?

Babu yangu alisema siyo harufu, ni ugomvi. Alisema siku ya harusi ya baba yenu wazibuaji waliuacha mtaro makusudi ukajaa, maji machafu yakaingia mpaka kwenye miguu ya wageni. Nayakumbuka hayo maji. Lakini mama yangu, tukipiga deki, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba sisi wenyewe tulikuwa tumemwaga wanga wote wa nguo uliobaki kwenye chemba, ukaganda, na mzibuaji alipofika alikuta mlango wa uchochoroni umefungwa kwa sababu ya wageni; hatukutaka aonekane. Halafu tena, babu huyohuyo alishakataa posa ya wazibuaji kabla ya harusi hiyo. Ugomvi umekuja nyuma, katazo lilikuwa mbele. Ugomvi hauwezi kuwa ndio chanzo.

Nikamfikia shangazi yangu, Shangazi Mkubwa, aliyekuwa na neno kabla yangu. Yeye nilimuuliza akiwa hai, kwa kuwa neno lake lilikuwa linanihusu. Fundi viatu alikuja kuniposa mimi. Hamkulijua hilo? Sasa mmelijua. Alikuwa mtu mpole, anashika misumari midomoni akifanya kazi, kwa hiyo alizungumza nami kwa macho. Shangazi Mkubwa akasema hapana. Neno moja. Nikauliza kwa nini, akasema, "Wewe una kichwa, wewe utatunza habari za ukoo." Nikaambiwa mimi ni wa kukumbuka, nikakumbuka. Wakati mwingine nalala hapa najiuliza kama kichwa hicho nilikuwa nacho kabla hajanipa, au nilikitafuta baadaye kwa sababu nilihitaji kuwa kitu fulani. Sijui. Sisemi kwa kulalamika. Ninasema sijui.

Siku hiyo ya fundi viatu, nikiwa na hasira, nilimuuliza pia habari za wazibuaji. Akanijibu haraka, kama mtu aliyejikwaa: "Wale ndio waliotukataa kwanza." Nikasema, "Walitukataa sisi? Kwa nini?" Akanituma nikaanue nguo. Asubuhi yake nikamkumbusha, akasema hakusema kitu kama hicho, nimeota. Mimi siotagi maneno ya watu. Lakini hapakuwa na mtu mwingine chumbani, na neno lisilo na shahidi nimezoea kuliweka pembeni.

Basi nina vyanzo vitatu, na kila kimoja kinamfukuza mwenzake.

Halafu wiki iliyopita maji yakarudi, mnakumbuka, povu likajaa chumba cha nyuma hadi kwenye kizingiti. Kitinda akaenda kumwita Mabuti. Alikuja na fito zake, akashuka kwenye chemba, akatoa furushi kubwa la nyuzi, vifungo na manyoya ya blanketi zetu. Alipomaliza akanawa, akavua mabuti mlangoni, akaingia humu kunisalimia. "Shikamoo, shangazi." Akanishika mkono, na mkono wangu ukajirudisha wenyewe chini ya shuka. Sikuuambia. Nilikuwa nimeamua kabisa kumpa. Aliona, akakaa kana kwamba hakuona.

Mwalimu, wewe ukaleta chai, tena kwenye kikombe cha maua, kile cha wageni. Nilikuona ulivyokibeba, kama umebeba sheria mpya. Pasi amesimama mlangoni, uso umekaza. Na Mabuti akakitazama kikombe, hakukigusa.

"Kunywa, mwanangu," nikamwambia.

"Samahani, shangazi," akasema. "Nyumbani nimeambiwa nikija kwenu nisitie kitu mdomoni. Wanasema vyombo vyenu vinaoshwa na mikono iliyotoka kwenye chupi za mji mzima."

Pasi alishtuka kama ameshika pasi ya moto. "Sisi? Sisi ndio wachafu?"

"Mimi sijasema, kaka. Bibi yangu ndiye anasema. Anasema kuolewa na mwanamume anayefua nguo za ndani za wake za watu ni aibu ya ukoo. Na yeye yuko kitandani, kama shangazi hapa, na wote wanamsubiri aseme."

Nikamuuliza, "Na kwa nini, kasema?"

"Anasema ndivyo ilivyo."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema bomba lenu lina mwinamo mbaya. Linapanda badala ya kushuka. Hata nikizibua kila siku, maji yatawarudia tu." Kisha akakitazama tena kile kikombe. "Na nina kiu," akasema, akakinywa chote, akaomba kingine.

Alipoondoka sikulala. Huko ng'ambo ya soko kuna bibi kizee amelala kama mimi, ana katazo kama langu, na yeye pia hajui limetoka wapi, au anajua na hasemi. Kila mmoja anamlinda mtoto wake na uchafu wa mwenzake. Nikajaribu kumchukia, ili nirudi kwenye njia niliyoizoea, nikashindwa. Nikajaribu kumpenda Mabuti moja kwa moja, na mkono ukakumbuka ulivyojirudisha. Nikisema hapana, sijui nasema kwa kinywa cha nani. Nikisema ndiyo, nasikia aibu, na sijui aibu hiyo ni ya nani, maana mimi sijafanya kitu.

Nani huyo ameshika mguu wangu? Kaka? ... Hapana, ni Pasi. Samahani, mwanangu. Ukiinama hivyo ni baba yako mtupu. Niinue mto kidogo. Basi. Inatosha.

Wewe, Pasi, usifikiri sioni. Unaogopa wateja. Unaogopa mtu ataleta shati lake dirishani, atakumbuka ni nani yuko nyuma, ataliondoa. Labda ataliondoa kweli. Siwezi kukuahidi kinyume, mzee wa koti niliyaona macho yake. Kwa Mwalimu nilisema ndiyo hata chai haijapoa, kwa kuwa bwana alikuwa mtoto wa karani na viatu vyake vinang'aa, na wote mnajua yule bwana alivyokuja kutuangusha. Kwa mke wako nilisema ndiyo, na mkakaa vizuri, na hata hilo sijui kama nililijua au lilitokea tu. Mimi nilidhani neno la shangazi ni elimu. Nikiligeuza sasa, upande wa ndani hauna mshono wa kulishika.

Kwa hiyo nisikilizeni, kwa sababu sauti inapungua na sitaki mgombane juu ya nilichosema. Kila kitu nilichowarithisha kina mwenyewe. Meza ni ya babu yenu, kabati ni la mama, kila habari ina aliyeisimulia. Katazo hili nimelitafutia mwenyewe na simpati. Wote niliowauliza walilikuta, kama mimi nilivyolikuta lile kopo. Siwezi kumpa Kitinda hapana ambayo sijui imetoka wapi, aibebe maisha yake yote, halafu naye aje aisimulie kwa jina langu. Sisemi kwamba sina wasiwasi. Ninao. Nauacha hapa kitandani, mfue shuka lake.

Neno langu ni ndiyo.

Msishangilie. Kitinda, kaa chini, utaanguka. Mtaurekebisha huo mwinamo wa bomba kabla ya harusi, na atakayeelekeza ni Mabuti, na Pasi utashika fito upande wa pili. Mlango wa kati usiwe na komeo. Nyumbani kwao nendeni mkaombe kwa heshima, mpite mlango watakaowapitisha, hata ukiwa wa uchochoroni, na bibi yao akisema hapana, msimtukane. Mwambieni kuna mwenzake alikuwa hajui pia. Mwalimu, dirisha la mbele ukitaka kusimama, simama, Pasi akusogezee nafasi. Mimi mnivishe lile gauni la kijivu. Msilitie wanga.

Mungu awape riziki ya mikono yenu, mbele na nyuma. Awape wateja wasiochunguza. Awape watoto wanaouliza, na nyinyi mkiwa hamjui, awape ujasiri wa kusema hatujui. Msitengane. Nimewabariki wote, na yule... aliye uani. Jina lake halisi nani? Hakuna aliyenitajia. Hata mimi sikuuliza.

Kuna giza, au mmefunga dirisha? ... Nilikuwa nasema nini? Nilikuwa na neno la kusema, la Kitinda. Nimelisema? Nasikia yote mawili, nasikia hapana na nasikia ndiyo, yote kwa sauti yangu. Usiseme wewe, Kitinda, wewe una njaa nalo. Wala wewe, Mwalimu, utanipendelea. Pasi. Pasi huwa haniongopei. Njoo hapa karibu na sikio, baba. Shangazi amesema nini?

Sema kwa sauti.

Bado sijasikia, mwanangu. Kama ulivyolipaza la kwako siku ile, mpaka muuza mkaa akaja.

Eeh.

Ndiyo. Ndilo hilo. Sasa toka ukamwambie na yeye, yule wa uani.